Kubeba Ugomvi Mzima hadi Mbarara

Vijana wangu, mkipita mbele ya kibanda changu hapa kambini Nakivale mnaniona nimekaa na sabuni zangu na chumvi, na pengine mnadhani nilizaliwa nimekaa hivi. Si kweli hata kidogo! Mimi nilikuwa mtu wa njia. Niliacha shule darasa la tano kwetu Kivu Kusini, kwa kuwa mwalimu alichoshwa na maswali yangu na baba alichoshwa na karo. Nilipakia samaki kwenye malori, nikafyatua matofali, nikauza betri za redio sokoni, na popote nilipokaa miezi michache miguu ilianza kuwasha. Vita vya mwaka tisini na sita vilinileta Uganda, na hata huku nilikuwa leo Rwekubo, kesho Ngarama, keshokutwa Mbarara, nikiokota lugha kama wengine wanavyookota kuni.

Lugha hizo ndizo zilizonipa kazi niliyoifanya mpaka sikio la kushoto lilipogoma. Nilikuwa mkalimani wa wanafunzi. Chuo cha Mbarara kikimpa mwanafunzi insha juu ya jambo linalogombaniwa, naye akatakiwa kuandika maoni ya pande zote mbili, alinitafuta mimi. Nilimpeleka kwa watu, nikamtafsiria, nikamrudisha na karatasi zake zimejaa. Hakuna kazi tamu kama ile! Unalipwa uende kwa mtu umwulize yale ambayo ungemwuliza bure.

Aliyenifundisha ni Mrundi mmoja, Mzee Nestori, fundi wa baiskeli aliyekuwa akitafsiri kwenye zahanati miaka mingi kabla yangu. Alinifundisha mahali pa kukaa: nyuma kidogo ya bega la mgeni, kamwe usikae katikati, kwa sababu ukikaa katikati wote wawili wataanza kuzungumza na wewe na kusahauliana. Tena alinifundisha kusema "mimi." Mama akisema "nina njaa," mkalimani naye aseme "nina njaa," asiseme "anasema ana njaa." Siku yangu ya kwanza nilimtii mno. Mbele ya umati wa watu, na ndevu zangu hizi, nilitangaza kwa sauti kubwa: "Nina mimba ya miezi saba na mgongo unaniuma." Watoto waliniita Mama Mjamzito mpaka mvua zilizofuata.

Lakini Mzee Nestori alinifundisha jambo jingine ambalo baadaye ilibidi nijifunze kuliacha. Yeye aliamini kwamba mkalimani ni mtu wa kupooza. Neno kali likija, unalitia maji kidogo. Na huku kwetu alikuwa na sababu zake, kwa maana neno moja lililotafsiriwa vibaya liliweza kumaliza kikao kwa fimbo.

Basi akaja kijana mmoja mrefu kutoka Mbarara, mpole, viatu vyake vyeupe. Insha yake ilikuwa juu ya ng'ombe na mahindi. Mnajua wenyewe ugomvi huo: kiangazi kikishika, wafugaji Waganda wa vilimani huteremsha ng'ombe kwenda kunywa ziwani, na njia inapita kwenye mashamba ya wakimbizi. Swali la insha lilikuwa: ng'ombe waruhusiwe kupita, au wakatazwe? Nikampeleka huku na huku. Mfugaji akasema, "Hawa ni wezi wa ardhi." Mimi nikatafsiri, "Anaona ardhi imekuwa ndogo." Mkulima akasema, "Nikimkamata yule ng'ombe nitamkata mkia." Nikatafsiri, "Anaomba ng'ombe waangaliwe vizuri." Jioni kijana alinishika mkono kwa furaha, akaenda zake.

Haikupita muda, pikipiki ikasimama mbele yangu, akashuka mwanamke wa makamo, mtandio umefungwa barabara, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa Hajati Zaituni, mwalimu wa kijana yule, mtu wa Mbarara, Mwislamu aliyekulia katika duka la baba yake la ngozi na chumvi ya ng'ombe.

"Ssebo, bwana wangu, ni wewe mkalimani?"

"Ni mimi, Hajati."

"Kijana wangu ameandika kwamba huku wafugaji na wakulima wanapendana sana, wamekosa uzio tu."

"Ndiyo, Hajati."

"Juzi hapa hawakupigana na fimbo?"

"Walipigana, Hajati."

"Sasa zile fimbo zilikuwa za mapenzi?"

Waliokuwa karibu walicheka hadi mmoja akaangusha mzigo. Mimi nilitafuta pa kuangalia. Hajati hakucheka. Akavuta jiwe, akakaa, akaniambia taratibu: "Sikiliza, mzee wangu. Mimi sikumtuma kijana alete amani. Amani ina watu wake wanaoitafuta. Mimi nataka ugomvi, nao unifikie mzima, usivunjike hata pembe moja. Mtu akiwa hajui kwa nini mwenzake anamkasirikia, atamaliza ugomvi gani?"

Kisha akaniambia sharti lake, na tangu siku ile likawa sharti langu. Mwanafunzi akimaliza kuandika upande fulani, arudi ausome mbele ya mtu wa upande huo. Mtu yule akisema, "Ndiyo, hayo ndiyo yangu, na mimi mwenyewe nisingeyasema vizuri zaidi," basi ukurasa huo umekwisha. Asiposema hivyo, uandikwe tena.

Nilisisimka! Usiku ule sikulala vizuri kwa kufikiria. Kumbe ile miaka yote nilikuwa nabeba nusu ya mzigo!

Sasa niwasimulie juu ya Riziki, maana kwake ndipo nilipoijua kazi hii sawasawa.

Riziki alikuwa binti wa hapa hapa, Mkongo kama mimi, mama yake mjane anayelima mahindi na maharage upande wa ziwani. Alikuwa na akili kali na mdomo mkali zaidi. Alipata mfadhili wa kumlipia chuo Mbarara, naye mfadhili alisema wazi kwamba akianguka somo lolote, hatalipa tena. Hajati Zaituni akawapa darasa lake insha ile ile ya ng'ombe na mahindi. Riziki akaandika kwa siku moja, akafurahi, akaipeleka. Ikarudi na mistari myekundu.

Alinisimulia analia na kucheka pamoja. "Papa Elisha, Hajati ameniambia: 'Nimesoma kurasa sita za mama yako analia. Upande wa pili una sentensi mbili, na zote mbili ni matusi.' Amenipa wiki mbili. Nikishindwa, nimeanguka. Nikianguka, narudi kulima."

"Basi tuanze leo."

"Lakini niandike nini juu yabo? Niseme ng'ombe wana kiu? Kila kitu huku kina kiu!"

Mimi nilikuwa nimeshavuta baiskeli.

Tulianzia chuoni kwenye maktaba, kwa sababu Hajati alitaka vitabu na magazeti kwanza, watu baadaye. Mlangoni mlinzi aliniomba kitambulisho. Riziki akasema, "Huyu ni mkalimani wangu." Mlinzi akauliza, "Siku hizi na vitabu vinahitaji mkalimani?" Akaniacha nipite kwa kunihurumia. Vijana, harufu ile ya karatasi! Nilikaa nikitazama magazeti ya zamani yamefungwa pamoja kama matofali, na Riziki akinisomea kwa sauti ya chini. Mwandishi mmoja aliandika kwamba njia zote za ng'ombe zifungwe kwa sababu mkulima analisha wengi. Mwingine aliandika kwamba ukifunga maji unaua mifugo na kuleta vita. Yote yalikuwa na maana, lakini nilimwuliza Riziki, "Mfugaji mwenyewe kasema nini?" Akapekua, akapekua. Kila mahali paliandikwa "wafugaji walilalamika," basi. Hakuna aliyeandika walilalamika nini. Riziki alipiga meza na kiganja hadi mlinzi akachungulia. "Papa Elisha, hakuna mtu alienda kwabo!"

Aliandika maswali yake safi kabisa. La kwanza: "Ni changamoto zipi zinazokukabili katika matumizi ya ardhi?" Nilimwambia alifute. Hakuna mtu duniani anayejibu swali kama hilo. Atakujibu yale anayodhani unayataka. Mwulize, "Siku ile walipoingia, wewe ulikuwa wapi? Ulianza kuona nini?" Mtu akianza kusimulia siku moja, maoni yake yote hutoka yenyewe. La pili lilikuwa: "Una ng'ombe wangapi?" Hilo nililifuta mwenyewe. Mfugaji wa huku hahesabiwi ng'ombe wake mdomoni. Ni kama kuwaitia mauti. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuuliza hivyo mbele yangu, mzee akamjibu, "Waulize wao," akaingia ndani asitoke tena.

Na swali la mwisho ni langu mimi, nimelibuni kwa miguu yangu, nawapeni bure: "Nikienda kwa wale wengine, unataka nikuulizie nini?" Uliza hivyo, kisha shika kalamu vizuri.

Mfugaji tuliyemwendea aliitwa Mzee Kamugisha, njia ya kuelekea Ngarama. Ng'ombe wake ndio waliokula mahindi ya mama yake Riziki kiangazi kilichopita. Tulilijua hilo. Yeye naye alilijua.

Tulikaribishwa. Mke wake akaleta maziwa kwenye chombo cha mti kilichofukizwa moshi wa majani, harufu yake tu inakuvuta shingo. Riziki akakipokea kwa mikono miwili, kisha akakiweka chini. Akaniambia kwa Kiswahili, "Papa Elisha, sinywi. Hii maziwa ni mihindi ya mama."

Nikanyamaza. Mzee Nestori ndani ya kichwa changu alikuwa akisema, "Mwambie tumbo linamwuma, mwambie ametoka kula." Hajati naye, humo humo kichwani, amekaa juu ya jiwe lake akisubiri ugomvi wake mzima.

Mzee Kamugisha akaniangalia. "Mkalimani! Unanyamaza nini? Mtoto huyu anasema nini?"

Nikasema kwa Kinyankole, neno kwa neno, na "mimi" yangu kama nilivyofundishwa: "Sinywi. Maziwa haya ni mahindi ya mama yangu."

Mke wake akaziba mdomo. Mzee akainama, mabega yakaanza kutikisika, kumbe anacheka! Akasema kwa Kiswahili chake cha kambi za jeshi, "Mimi nasikia Kiswahili, bwana. Askari ilikaa hapa, ilinifundisha. Nilitaka kuona kama wewe itaficha." Halafu akamgeukia Riziki, akarudi kwenye Kinyankole, sauti imeshuka: "Na hayo mahindi, mwanangu, yameota juu ya malisho ya baba yangu. Basi tumekwisha kulana. Kunywa."

Riziki alikitazama chombo. Akanywa.

Vijana, nilitaka kuruka! Insha nzima ilikuwa imesemwa kwenye chombo kimoja, na mimi sikutia tone la maji.

Tulimwuliza juu ya siku moja tu, naye akatusimulia juu ya ng'ombe wake mwekundu, Bihogo. Kiangazi kilikuwa kikali. Walipofika karibu na ziwa walikuta shamba jipya limekata njia, na watu wamesimama na majembe. Wakageuka wazunguke. Bihogo alikuwa amezaa karibuni, hakuwa na nguvu ya kuzunguka. Alipiga magoti. "Alifia mahali ambapo anayaona maji," mzee akasema. "Mahindi yakiliwa, mvua ikija yanapandwa. Bihogo nimpande wapi?"

Nikamwuliza swali langu la mwisho. Hakufikiri hata kidogo. "Mwulizie mama wa binti huyu: alipopewa shamba, mpaka ulikuwa wapi? Na leo uko wapi? Kila mvua jembe linasogea kidogo kwenye njia. Ng'ombe hana jembe."

Tulimkuta Mama Riziki akichambua maharage mbele ya nyumba. Nikamtafsiria yote, hata la malisho ya baba. Yeye akamtazama binti yake.

"Na weye ulikunywa?"

"Nilikunywa, mama."

"Ilikuwa tamu?"

"Tamu, mama."

"Lazima ikuwe tamu. Ilikuwa mihindi yangu."

Akaendelea kuchambua, maharage yanaruka kwa hasira. Nikamwuliza juu ya mpaka. Mikono ikasimama. "Sitakatala, niliongeza mistari. Kila mutu aliongeza. Lakini na miye muniulizie: njia yake iko na upana gani? Ngombe zake zinatembea kama bibi-harusi na wasimamizi wake, zote zinataka kuwa mbele, hakuna yenye kufuata nyuma. Njia ni ya ngombe kumi, yeye analeta mulima muzima!" Akaokota harage lililoanguka. "Na umwambie juu ya Bihogo nimesikitika, kweli. Lakini ile usiku mihindi ilikwisha, mutoto wangu mudogo alilala njaa na hakulia. Njo ile ilinitisha. Mutoto mwenye kulia iko na nguvu bado."

Nikarudi kwa Mzee Kamugisha na maneno hayo. Nilipofika kwenye yule mtoto akauliza, "Hakulia?" Mke wake akainuka akaenda kusimama mlangoni, ametugeuzia mgongo. Kisha mzee akakiri kwamba wachungaji wake hulala kivulini na kuacha kundi litapakae. Lakini mara moja akapata nguvu tena: "Sasa mwulize, kwa nini wanaweka mboga kando kando ya njia, mahali pa kwanza kabisa ambapo ng'ombe anapita? Nani anaweka chakula mdomoni mwa mtu, halafu anamwita mwizi?"

Basi ikawa hivyo! Nilikuwa naendesha baiskeli kama mtu aliyeibiwa. Nikifika kwa mama: "Amesema nini?" Nikifika kwa mzee: "Ule mama amejibu nini?" Kila mmoja alikaa akisubiri jibu la mwenzake kama watu wanavyosubiri matokeo ya mpira. Hawakuwa wamekubaliana jambo lolote, lakini hasira yao ilikuwa imeanza kuwa na kichwa na miguu. Mwishowe Riziki ndiye aliyepiga kelele: "Mutanyamaza lini? Hajati anataka insha Ijumaa!"

Akaandika. Aliandika kwa Kiingereza, kisha akawasomea kwa Kiswahili, na mimi nikatafsiri kwa mzee. Alipomaliza upande wa wafugaji, Mzee Kamugisha alitikisa kichwa. "Hapana. Umeniandika kama mtu anayeomba. Mimi siombi. Sema njia ni yangu, ilikuwepo kabla ya jembe la kwanza. Uandike hivyo, usinihurumie." Riziki akakaa pale pale chini, akafuta, akaandika upya. Mara ya pili mzee alisikiliza mpaka mwisho na kusema tu, "Huyu sasa ni mimi."

Lakini kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Hajati alikuwa ametaka kila upande usikie wa mwenzake pia. Riziki alimsomea mama yake kurasa za mfugaji, zikiwa na nguvu zake zote. Nilimwona mama akibadilika uso mstari kwa mstari. Akasimama.

"Nimelima mupaka mikono imekuwa hivi, ili uende chuo ukamutetee?"

"Mama, si kumutetea. Nikiandika wewe peke yako, Hajati ananiangusha."

"Basi akuangushe! Juu ya nini unasema maneno yake vizuri kuliko yangu?"

Riziki aliinamia kurasa zake. Machozi yalikuwa yanamtoka juu ya karatasi. Pale, vijana, niliona mambo mawili yakining'inia pamoja: chuo cha binti na moyo wa mama. Wala halikuwepo neno la kutafsiri. Wote wawili walikuwa wanasema lugha moja.

Mama alizunguka nyumba. Tukamsikia akifukuza kuku ambao hawakumkosea. Akarudi, akasimama na mikono kiunoni.

"Rudia ile ya Bihogo."

Riziki akasoma tena.

"Inauma," mama akasema. "Imeandikwa vizuri. Sasa somea miye yangu."

Riziki akasoma upande wa wakulima, zile kurasa za mwanzo. Mama akasikiliza, akakunja uso. "Hii ni kulia tu. Yeye umemupa nguvu namna ile, miye unaniacha ninalia? Bantu batasema nilikosa neno. Keti. Andika. Mbele ya yote, andika kwamba miye sikuja hapa kwa kutaka. Fasi ya kulima nilipewa, na mutu akipewa fasi, analima. Halafu andika juu ya mutoto hakulia. Halafu andika nimeongeza mistari."

"Hata hiyo, mama?"

"Hata hiyo. Yeye amekwisha kuisema. Nikiificha, atanipiga nayo. Nikiisema miye, inakuwa yangu."

Nilimtazama yule mama aliyekuwa hajawahi kuingia chuo hata kufagia, nikatamani Hajati angekuwepo. Waliandika mpaka jua likazama. Sikutafsiri hata neno moja, nilishika tu taa.

Ijumaa niliandamana na Riziki Mbarara. Nilitaka kumsubiri nje, lakini Hajati akaniita, "Ingia, mzee wangu, kaa pale nyuma." Nikakaa kwenye dawati, mara ya kwanza tangu darasa la tano, magoti yakigonga mbao! Hajati akaisoma insha kwa sauti bila kutaja jina la mwandishi. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini insha ile niliijua kwa moyo. Nilijua tumefika wapi kwa kutazama nyuso. Alipofika kwa Bihogo, kijana mmoja aliinamisha kichwa. Alipofika kwa mtoto, kalamu ziliwekwa chini.

Akauliza, "Aliyeandika hii ni wa upande gani?"

Mlipuko! Yule kijana akasema, "Huyu ni mtoto wa wafugaji. Mtu wa kambini hawezi kuijua kiu ya ng'ombe hivi." Msichana mmoja akamrukia, "Na mtoto wa wafugaji angejuaje mtoto anavyonyamaza kwa njaa?" Wakagawanyika, wakapigiana kelele kwa lugha zote, na Hajati amekunja mikono anatabasamu kama mtu aliyepata mzigo wake mzima. Kisha Riziki akasimama. 

"Mimi ni wa mahindi. Na bado nasema ng'ombe akitoka nje ya njia, mwenye ng'ombe alipe. Lakini njia yenyewe ipandwe uzio wa minyaa pande mbili, na sisi tusiisogeze tena."

Kijana yule akasema, "Hapo sikubali." Akainua mkono ili apewe nafasi ya kusema. Nusu ya darasa ikainua mikono. Hajati akaandika alama juu ya karatasi ya Riziki, akaigeuza ili aione, na Riziki akaisogelea akaisoma mara mbili. Amefaulu. Mfadhili atalipa.

Wakati huo simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia hata kambini. Tulipotoka Riziki akampigia mama yake, akaniwekea simu karibu na sikio langu ili nami nisikie. Hakuwahi hata kusema amefaulu. Mama alimtangulia:

"Mwalimu amesema nani ameshinda, miye ao yeye?"

"Mama, nimefaulu!"

"Hiyo nilijua. Nakuuliza nani ameshinda."

Kesho yake nilipanda baiskeli hadi kwa Mzee Kamugisha kumpelekea habari, maana mtu aliyekupa maneno yake ana haki ya kujua yalifika wapi. Hilo pia ni la kazi, vijana, wengi hawarudi. Nilimkuta anapaka dawa ya kupe. Kabla sijashuka akauliza:

"Mwalimu amesema nani ameshinda, mimi ama ule mama?"

"Mzee, mwalimu amesema insha ni nzuri. Binti amefaulu."

"Insha nzuri, sawa. Mungu amsaidie. Mimi nauliza juu ya ugomvi."

"Juu ya huo hakusema."

Akatikisa kichwa, akanawa mikono polepole, akamwita mke wake alete kiti. "Kaa," akaniambia. "Kuna neno nilisahau kumwambia yule mama."

Nikaegemeza baiskeli, nikakaa.